Wimbo wako bado unamsubiri mpiga saksafoni

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mpiga gitaa wa Mombasa. Nimepiga solo kwenye bendi za hoteli kwa miaka 22, roki na kopi za kila namna. Sasa nina miaka 48, nimenunua gitaa kavu na nataka kutunga na kuimba peke yangu. Shida ni kwamba nyimbo zangu nikiziimba bila bendi zinakuwa kama nyumba iliyohamwa. Mwanamuziki wa Marekani Bruce Springsteen alirekodi albamu nzima ya Nebraska peke yake chumbani, kwa mashine ya kaseti, na ukiisikiliza husikii pengo. Alifanya nini ambacho mimi sifanyi, au ni kipaji tu? Na je, niache bendi? Nimekutumia wimbo wangu mmoja, nimeurekodi kwa simu. Na je, naweza kuziimba nyimbo hizi palepale hotelini saa za chakula?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Wimbo wako wa feri ya Likoni nimeusikiliza mara sita, na mara mbili za mwisho nilikuwa na gitaa mapajani nikikufuata. Ni wimbo mzuri. Yule mama aliyeshika viatu mkononi akikimbilia feri hatanitoka kichwani. Basi haya ninayokuandikia namwandikia mtu ambaye nimesikia kwa masikio yangu kwamba ana kitu.

Ukimaliza ubeti wa pili, mkono wako wa kulia unaendelea kuchapa nyuzi vilevile, mizunguko minne mizima, bila neno. Mara ya kwanza nilidhani umesahau maneno. Mara ya tatu nikaelewa: hapo ndipo saksafoni huingia. Umemtoa mpiga saksafoni, lakini kiti chake bado kipo katikati ya sebule na kila anayepita anakizunguka. Halafu kiitikio umekiweka juu kabisa ya sauti yako, kwa sababu bendi ikichemka lazima mwimbaji apande ndio asikike. Leo hakuna aliyechemka, na wewe bado unashindana na mpiga drams ambaye yuko kwake amelala.

Jibu langu ndilo hilo. Wewe umechukua wimbo wa bendi ukaiondoa bendi. Springsteen alitunga nyimbo ambazo bendi ilikuwa haijaingia ndani yake. Acha nikusimulie ilivyokuwa, maana watu wengi wanaisimulia kana kwamba aliamka siku moja akaamua kuwa mpole.

Mwishoni mwa 1981 hakuwa mtu aliyeishiwa. Albamu yake ya 1980, The River, ilikuwa imefika namba moja Marekani, na ziara yake ndefu ilikuwa imekwisha Septemba ya mwaka huo 1981. Alikuwa na miaka 32, na zaidi ya 15 kati ya hiyo alikuwa ameimaliza kwenye bendi. Kilichomchosha ni studio. The River ilikuwa imemla zaidi ya mwaka mmoja, kwa sababu alikuwa na mazoea ya kutungia humohumo studioni, bendi nzima imekaa inasubiri na saa zinalipiwa. Safari hii akataka aende na nyimbo alizokwisha kuzipima nyumbani. Akamwagiza fundi wake wa magitaa, Mike Batlan, amtafutie mashine ndogo ya kurekodia, na Batlan akaleta Portastudio 144 ya Teac.

Mashine ile ilikuwa imetoka 1979, na ilitumia kaseti ya kawaida kabisa, ile tuliyokuwa tukiirudisha nyuma kwa kalamu ya Bic. Kaseti ya kawaida ina njia mbili za sauti upande A na mbili upande B. Portastudio ilizichukua zote nne kwa mkupuo mmoja, na ikauendesha utepe kwa kasi maradufu ili sauti isiwe na ukungu sana. Ukishatumia njia nne, umemaliza.

Akaiweka kwenye chumba cha kulala cha nyumba aliyopanga Colts Neck, New Jersey, chenye zulia la manyoya la rangi ya chungwa. Zulia hilo nalitaja kwa makusudi, nitalirudia. Maikrofoni zilikuwa mbili, Shure SM57, aina ileile ambayo hotelini kwenu bila shaka imefungwa mbele ya snea, ile ngoma ndogo ya mpiga drams. Nyimbo alizirekodi majira hayo ya baridi, mpaka mwanzoni mwa Januari 1982. Anaimba na kupiga gitaa kwa pamoja, njia mbili zimekwenda. Zinabaki mbili: moja ataitumia kwa sauti ya pili, nyingine kwa harmonika au tamburini au gitaa jingine. Baadaye akayapitisha yote kwenye Echoplex, mashine ya mwangwi, akayashusha kwenye redio kaseti ya Panasonic ambayo ilikuwa imewahi kuingia maji. Kaseti iliyotoka hapo alizunguka nayo mfukoni kwa majuma kadhaa, bila hata kasha.

Mtu haweki albamu mfukoni bila kasha. Aliweka rasimu. Kwake ile ilikuwa barua ya kuwaonyesha wenzake nyimbo zinakwendaje, na meneja wake Jon Landau alitumiwa nakala pamoja na maelezo ya mkono kuhusu kila wimbo. Majira ya kuchipua bendi yake, E Street Band, ikaingia studio ya Power Station jijini New York kuzirekodi kwa ukamilifu. Hawa ni wapigaji wa kiwango ambacho wewe na mimi tungelipa nauli kwenda kuwatazama. Lakini hazikukaa sawa. Baadhi ya rekodi hizo za bendi zilitolewa hadharani mwaka 2025, na nakusihi uzisikilize baada ya kusikiliza kaseti, kwa sababu hakuna somo linalokufaa zaidi ya hilo. Hakuna aliyekosea noti. Ila kwenye kaseti unamsikia mtu anakueleza aliyoyatenda, na bendi ikiingia unasikia onyesho kuhusu mtu huyo. Springsteen akajaribu pia kuzirudia peke yake studioni kwa vifaa vizuri, napo hazikukaa sawa. Mwishowe wakakubaliana kitu ambacho mafundi walikiona kama adhabu: kuitoa kaseti yenyewe. Sauti yake ilikuwa ya chini na chafu kiasi kwamba kuihamishia kwenye sahani ya santuri kulisumbua watu wazima wa kazi hiyo mpaka wakapata njia. Ikatoka 30 Septemba 1982, bila ziara, na bado ikafika namba tatu Marekani.

Sasa sikiliza upande wa pili, ambao watu huuruka. Katika nyimbo za chumbani mle kulikuwa na mmoja unaoitwa Born in the U.S.A. Pale ni wimbo mkavu, unazunguka palepale, na kwa sikio langu hauendi popote. Bendi ilipoushika mwaka huohuo, Roy Bittan na kinanda chake, Max Weinberg na drams zake, ukasimama kama jengo, na mwaka 1984 dunia nzima ikaujua. Mtunzi mmoja, chumba kimoja, majira yaleyale ya baridi. Nyimbo kumi zilikataa bendi, huu ukaililia. Hapo ndipo ninapokujibu kuhusu kipaji: kipaji kipo, lakini kazi kubwa aliyoifanya ni kukubali kila wimbo useme unataka nini, hata pale jibu lilipoharibu mipango ya watu wengi na fedha nyingi.

Wimbo ule una mkia pia. Kwenye ziara yake ya peke yake iliyoanza 1995 aliurudisha kwenye gitaa kavu, lakini hakurudia ule wa kaseti. Aliupiga kwa kutelezesha kipande juu ya nyuzi, kwa namna ya bluzi, ukawa mweusi na wa polepole, na kile kiitikio ambacho viwanja vizima vilikuwa vikikipigia kelele karibu akitoe chote. Ili wimbo wa bendi uweze kuishi peke yake, ilimbidi auvunje na kuujenga upya kuanzia chini.

Basi pima nyimbo zako. Mimi natumia kipimo kimoja, nao ni kuimba wimbo bila ala yoyote huku mikono inafanya kazi nyingine, kuosha vyombo au kufua. Dakika mbili zikipita, jichunguze unaimba nini. Ukijikuta umeacha maneno na unaunguruma ile solo yako au mstari wa besi, wimbo huo makazi yake ni kwenye bendi. Uache huko, unafurahi huko. Ukijikuta bado unasimulia, huo njoo nao. Wimbo wa Likoni nimeupima hivyo jikoni kwangu, na nilifika kwa yule mama bila kusimama. Una haki ya kuwa peke yake.

Jambo la pili ndilo naona ndilo kubwa. Kwenye bendi unaongea na ukumbi. Ukiwa peke yako huwezi kuongea na ukumbi; unaongea na mtu mmoja, na lazima umjue ni nani kabla hujaandika mstari wa kwanza. Zisikilize tena nyimbo za Nebraska, uone mara ngapi msimulizi anamwita anayemsikiliza “bwana”, kwa unyenyekevu wa mtu aliyesimama mbele ya meza ya polisi au ya hakimu. Wimbo wa kwanza msemaji ni muuaji, umetokana na mauaji ya kweli ya Charles Starkweather mwaka 1958, na anaongea kwa utulivu kama anayetoa maelezo ya kuandikwa. Mwingine ni askari wa barabarani ambaye ndugu yake wa damu amemuumiza mtu, naye anamfukuza kwa gari mpaka karibu na mpaka wa Kanada, kisha anaegesha pembeni na kutazama taa za ndugu yake zikipotea. Mtu wa aina hiyo hapigi kelele. Anaeleza. Ndiyo maana gitaa lake halihitaji kupanda wala kushuka.

Wimbo wako wa Likoni unaongea na nani? Beti mbili za kwanza unamwambia mtu fulani, nahisi ni ndugu yako aliyehama Mombasa. Kiitikio kinageuka, “ninyi nyote”, na unakuwa umerudi jukwaani na mikono juu. Chagua. Kama ni ndugu yako, basi hata kiitikio aambiwe yeye.

Mikono sasa. Mpiga solo wa umeme akishika gitaa kavu anapata mshtuko ambao hausemwi: noti inakufa. Ulizoea amplifaya ikushikie noti mpaka utosheke. Hapa unaigusa, inasema mara moja, inaondoka. Nyuzi nazo ni nene, umetoka kwenye 9 au 10 umeingia kwenye 12, na kuvuta uzi kama ulivyozoea ni kujitesa. Wengi wanaziba pengo hilo kwa kuchapa zaidi. Wewe unafanya hivyo, na unachapa nyuzi zote sita tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa hiyo sikio langu halina pa kupumzika.

Weka plektra, kile kipande cha kuchapia nyuzi, kwenye droo kwa miezi mitatu. Kidole gumba kiwe mpiga besi, kitembee juu ya nyuzi tatu nene bila kukoma, na vidole vingine viguse juu pale tu maneno yanapopisha. Huhitaji kwenda New Jersey kujifunza hili. Jean-Bosco Mwenda alilifanya Katanga, Kongo, kwa gumba na kidole cha shahada, akiimba kwa Kiswahili, na mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipomrekodi Jadotville, ambayo leo ni Likasi, mwaka 1952, gitaa moja lilisikika kama mawili. Mwaka 1969 akapanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani. Chukua “Masanga” yake, ipige polepole mno, nusu ya kasi, na usikilize namna gumba lisivyojali vidole vingine vinafanya nini. Springsteen kwa gitaa ni mnyenyekevu kuliko Mwenda, sana tu. Kuna wimbo kwenye ile kaseti, wa dereva wa usiku anayeomba polisi asimsimamishe, ambao tangu mwanzo mpaka mwisho karibu ni uzi mnene uliozibwa kwa kiganja, unadunda kama injini. Ukijua gumba lako litasimama imara, unaweza kuthubutu kupiga kidogo hivyo.

Kuhusu sauti nitakuwa mkali kidogo. Una miaka 48 na unaimba kwa ufunguo, kii kama tunavyosema jukwaani, uliouchagua ukiwa na miaka 26. Mtazame Johnny Cash, mwimbaji wa kantri wa Marekani. Kampuni iliyomshika kwa miaka mingi, Columbia, ilikuwa imemwacha 1986, na redio zilikuwa zimemsahau. Akaja Rick Rubin, mtu aliyejulikana kwa rap na metali, akamketisha sebuleni kwake Los Angeles na gitaa lake na kumwambia aimbe nyimbo anazozipenda. Ilipotoka American Recordings mwaka 1994, Cash alikuwa na miaka 62. Sauti imeshuka, inatetemeka mahali, mwisho wa sentensi pumzi inamwisha kidogo. Hakuna aliyeificha. Ukiondoa bendi, ule mkwaruzo unakuwa ndio ala ya pili. (Na ni Cash huyohuyo ambaye mwaka 1983 alikuwa amerekodi nyimbo mbili za Nebraska akiwa na wapigaji, linganisha mwenyewe.)

Wimbo wako uko A. Nimeujaribu F: kapo, kile kibano cha shingo ya gitaa, freti ya kwanza, vidole umbo la E. Beti zinashuka mpaka karibu na kuongea, na usiogope, hapo ndipo ninapokutaka. Kiitikio kinaangukia katikati ya kifua chako badala ya kooni. Neno “feri” ulilokuwa unalipigia yowe, sasa unaweza kulisema.

Kurekodi ni jambo dogo kuliko unavyofikiri, ila chumba si dogo. Zulia la Colts Neck, godoro na mapazia vilikuwa vimemeza mwangwi, ndiyo maana mwangwi unaousikia kwenye albamu ni ule alioutaka yeye, wa mashine. Wewe umerekodi sebuleni kwenye vigae, nasikia kuta zinakujibu. Hamia chumba cha kulala. Zima feni na friji. Mngurumo wake huusikii mpaka uvae hedifoni. Maikrofoni, au simu kama ndiyo uliyo nayo, usiielekeze kwenye tundu la gitaa, utapata mvumo wa pipa. Ielekeze pale shingo inapokutana na mwili, kama freti ya 12, umbali wa shibiri moja na nusu. Imba na kupiga kwa pamoja. Ukitenganisha, sauti na mkono vitaacha kusikilizana, na sisi tutajua hata kama hatutajua tumejuaje.

Umeuliza pia, mwishoni mwa barua, kama unaweza kuziimba nyimbo hizi palepale hotelini saa za chakula. Usifanye hivyo. Watu wanaokula hawajakukosea, lakini wimbo wa aina hii unataka mtu aliyeacha kijiko. Springsteen mwenyewe kwenye ile ziara ya 1995 aliacha viwanja akaingia kumbi za maigizo, na kila usiku aliwaomba watu, mashabiki wake wa miaka 20, wanyamaze. Tafuta watu kumi na wawili barazani kwa mtu. Wakikusikiliza mpaka mwisho umejua kitu ambacho hoteli haitakwambia kwa miaka mitano.

Kuhusu kuacha bendi: hapana. Simaanishi mshahara peke yake, ingawa nao ni hoja. Mwaka uleule wa Nebraska, Springsteen alikuwa na wenzake studioni wakirekodi sehemu kubwa ya albamu yao ya 1984. Alirudi peke yake 1995, akarudi tena 2005 kwa Devils & Dust, na katikati bendi ilikuwepo. Nyimbo zinazohitaji bendi hazikufa kwa sababu amepata nyingine. Wewe nawe ile mitindo yako ya kuchezesha watu Jumamosi ni kazi halali, na miaka 22 ya kumfuata mpiga drams imekupa saa ndani ya mwili ambayo mwimbaji wa chumbani wa miaka 20 hana.

Siku ya wiki ambayo hampigi, funga mlango wa chumba cha kulala. Rekodi Likoni kwa F mara tatu mfululizo, bila kusimama hata ukikosea, na unitumie ile ya tatu tu. Ile mizunguko minne baada ya ubeti wa pili ifute. Weka pumzi moja hapo, ndefu kiasi cha kumwona anavyoinama kuvua viatu, kisha mlete mama kwenye feri.